Kuanzia Hapa Penye Chaki

Shemeji yake Mama Pindo alikuwa na mkono wa birika, na soko zima lilijua. Ukinunua kwake kitambaa cha shuka atakupimia mpaka uzi wa mwisho, na kamba ya kufungia mzigo atakukumbusha uirudishe. Wateja walimtania kwamba hata kikohozi hukohoa nusu, nusu nyingine akaiweka akiba. Kwa hiyo siku alipoingia katika chumba cha kushonea cha Mama Pindo akiwa na jora la mahameli begani, akalitua juu ya meza ya kukatia na kuanza kulipima upya mbele yake bila kubana hata kidole, Mama Pindo alidhani mtu huyu anaumwa.

Ilikuwa mahameli ya rangi ya zambarau iliyoiva, nzito, ya majoho ya kwaya ya kanisa lao. Shemeji alipozifikia mita zilizolipiwa na kwaya alichukua chaki, akatia mstari pembeni mwa kitambaa. Kisha akaendelea kupima kana kwamba hakuuona mstari wake mwenyewe, mpaka zikapita mita nane nyingine.

"Shemeji, nisikilize," alisema. "Mpaka hapa ni mali ya kwaya, wamelipa. Kuanzia hapa penye chaki ni yangu na Mungu. Kuna wale waimbaji wapya watatu ambao hawakuwa na cha kuchanga, nasikia watasimama nyuma na nguo zao za nyumbani. Washonee. Wakiuliza, waambie kitambaa kilitosha. Mchungaji asijue, mwenyekiti wa kwaya asijue, mtu yeyote asijue."

Mama Pindo akamtania, akamuuliza kama jua limechomoza upande gani leo. Yeye hakucheka sana. Alisema sadaka ikishatangazwa mwenye kutoa huwa ameshalipwa palepale, kwa makofi, na yeye kama mfanyabiashara hapendi kulipwa mapema kwa bei ya chini. Kisha akaikunja kamba yake, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Mama Pindo aliitwa hivyo kwa sababu mapindo aliyoshona yeye hayakufumuka. Mtu angeweza kunenepa, kukonda na kuzeeka ndani ya sketi yake, pindo likabaki palepale. Alikuwa mjane wa kaka yake Shemeji. Nyumba aliachiwa, deni hakuachiwa, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na ana kazi yake. Nayasema haya mapema ili mtu asije akamsingizia shida. Shida hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mlango uliotazamana na mlango wa Fundi Modo.

Modo alikuwa fundi kijana wa ng'ambo ya barabara, na mwaka ule alikuwa amenunua mashine ya kudarizi. Ukiibonyeza inachora yenyewe maua, majani, hata jina la mtu kwa herufi za mapambo, huku Modo ameketi pembeni anakunywa chai. Wateja wa Mama Pindo walianza kuvuka barabara, kwanza kwa aibu, wakipitia nyuma ya gari la maji, baadaye wazi wazi, na wengine wakimpungia mkono. Yeye naye aliwapungia. Lakini kila ua lililotoka kwenye ile mashine lilimchoma kifuani, na jioni akiomba alijikuta anamweleza Mungu habari za mashine kabla hata hajafika kwa wagonjwa.

Sasa, mahameli ilikuwa mezani haijaguswa alipoingia mama mmoja aliyekuwa anaoza binti yake. Alikuja kuulizia gauni lake mwenyewe, lakini jicho likamwangukia jora. Akaenda kulipapasa kama mtu anayempapasa paka. Akasema ndicho hasa kitambaa anachokihangaikia kwa ajili ya wapambe wa bibi harusi, amezunguka madukani amechoka, rangi hiyo hakuna. Kisha akataja bei. Mama Pindo alimwomba arudie, si kwamba hakusikia.

"Nitakutafutia," alisema.

Ni neno dogo. Mama yule alipotoka, Mama Pindo alikaa kwenye kigoda akajipigia hesabu zake, na hesabu ya tamaa haina shida ya kujumlisha. Mita nane zile hazikuwa za kwaya, kwaya haikuzilipia. Hazikuwa za Shemeji, alishazitoa. Zilikuwa za Mungu, na Mungu ana mahameli ngapi mbinguni? Wale watatu walishakubali wenyewe kusimama nyuma, hawakuwa wamemlilia mtu. Na mwenye kuzitoa alikuwa ameapisha kila mtu anyamaze, hata nafsi yake, kwa hiyo hakuna siku atakayosimama kuuliza. Ndipo alipogundua, akashtuka kidogo, kwamba sadaka ya siri ndiyo rahisi kuliko zote kuiba.

Akamwahidi Mungu fungu la kumi la pesa zile, tena la kujazia. Sijui ni nani aliyewadanganya watu kwamba Mungu anapokea kamisheni. Lakini ahadi ile ilimtuliza moyo, na usiku ule alilala usingizi mzuri.

Kasoro ilikuwa moja. Wapambe walihitaji mita kumi na nne, na penye chaki zilikuwa nane. Sita zilizopungua zingepaswa kutoka ng'ambo ya chaki, kwenye majoho yenyewe.

Hapa inabidi mtu aijue mahameli. Si kama vitambaa vingine. Ina vinyweleo vifupi, na vinyweleo vile vimelala upande mmoja. Ukipitisha kiganja kushuka, ni laini kama maziwa. Ukipitisha kupanda, vinakusimamia. Ndiyo maana fundi anayeijua hulaza vipande vyote vichwa upande mmoja, mabega yote juu, mapindo yote chini, hata kama kitambaa kingi kinabaki pembeni bila kazi. Angevipanga kichwa kwa miguu, upana wa pindo la joho moja ukikaa ubavuni mwa wembamba wa mabega ya jingine, angeokoa kitambaa kingi sana. Mwalimu wake aliyemfundisha kushona, mama mmoja mkali asiyecheka mpaka mwisho wa mwezi, alimchapa rula ya vidole kwa kosa hilo hilo alipokuwa msichana. Hakumwambia kwa nini. Alimwambia tu, "Mahameli usiigeuze."

Mama Pindo aliigeuza. Alijihadhari hata katika kukosa: kila joho alilikata lote upande mmoja, mbele, nyuma na mikono, ili lisijipinge lenyewe. Nusu ya majoho vinyweleo vikashuka, nusu vikapanda. Meza ya kukatia ilikuwa nyuma kabisa ya chumba, chini ya balbu iliyochoka, na chini ya balbu ile majoho yote yalikuwa zambarau ile ile. Aliyainua mawili mawili, akayatazama, akajiambia mwalimu wake alikuwa na ushirikina. Waimbaji wakaja mmoja mmoja kujaribu, wakajigeuza mbele ya kioo chake, wakafurahi. Wale watatu aliwaambia kwa huruma kwamba kitambaa hakikutosha. Mmoja wao, mama mnene mchangamfu, alimshukuru kwa kujaribu.

Mama wa bibi harusi alichukua mahameli yake na kulipa pesa zote mkononi. Kabla ya Jumapili mashine ya kudarizi, mtumba lakini nzima, ilikuwa imesimama chumbani imefunikwa shuka. Fungu la kumi Mama Pindo alilitia kwenye bahasha, akaandika jina lake vizuri.

Kanisa lao lina madirisha makubwa upande wa mashariki, na ibada ni ya asubuhi. Kwaya iliingia kwa wimbo, ikapanda jukwaani, ikageuka kuwatazama watu. Mama Pindo alikuwa sauti ya pili, safu ya mbele, na aliyeko ndani ya safu haioni safu. Alichokiona ni nyuso. Ziliangaza kwanza. Kisha mtu mmoja akamnong'oneza jirani yake, jirani akakunja uso, na mnong'ono ukapita kiti kwa kiti mpaka nyuma. Ndipo naye akageuza shingo, na jua lilikuwa limejaa jukwaani.

Nusu ya kwaya ilikuwa imevaa zambarau nzito iliyoiva. Nusu nyingine ilikuwa imevaa rangi ya jivu yenye mng'ao, kama nguo iliyoachwa kambani msimu mzima. Walivyokuwa wamechanganyika, ilionekana kwaya imeshonewa viraka. Na nyuma yao wale watatu, na nguo zao za nyumbani, ndio pekee walioonekana wamevaa kwa heshima. Wimbo uliimbwa mpaka mwisho kwa sababu wimbo ukishaanza huna pa kuupeleka.

Baada ya ibada walikusanyika uani, wakayavua, wakayalinganisha juani. Mwenyekiti wa kwaya, mtu wa maneno ya haraka, alikata shauri palepale: wameuziwa majora mawili, moja jipya na jingine lililopauka dukani. Mkono wa birika umefika mpaka nyumbani kwa Mungu. Wengine wakakumbuka kamba, wengine wakakumbuka sentimita waliyobaniwa mwaka juzi. Kisha wote wakamgeukia fundi wao, wakamuuliza yeye anaonaje.

Mama Pindo aliyatazama majoho yale juani. Alijua kwamba sentensi moja ingeyamaliza yote.

"Mimi nimeshona nilicholetewa," alisema.

Hakuna neno la uongo ndani yake. Ukilichambua neno kwa neno, lote ni kweli, na ndivyo alivyojiambia njia nzima akirudi nyumbani, na halikumsaidia hata kidogo.

Wazee wa kanisa walimwita Shemeji katika chumba cha nyuma, majoho yamerundikwa mezani, na fundi akaitwa pia awepo kama shahidi. Shemeji alisikiliza mashtaka yote amesimama. Akachukua joho la kijivu, akapitisha kiganja kushuka. Akachukua la zambarau, akapitisha kiganja. Kisha akarudia la kijivu, akapitisha kiganja kupanda, taratibu, na mkono wake ukasimama katikati ya joho. Mtu aliyeuza vitambaa maisha yake yote hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Akainua macho akamtazama mke wa kaka yake, naye akatazama sakafu. Akauliza jambo moja tu, kama wale waimbaji watatu walipata majoho. Mwenyekiti akamjibu kwa ukali kwamba hicho kitambaa chake kingewatosha vipi.

"Basi," Shemeji akasema. "Nitaleta kingine. Gharama ni yangu."

Wakaichukua kuwa ni kukiri. Wazee walimwambia kwa upole kwamba kwa sasa apumzike kushika kikapu cha sadaka, kazi aliyoifanya tangu kanisa likiwa na paa la turubai. Alikubali kwa kichwa. Jumapili iliyofuata kikapu kilishikwa na mtu mwingine, na Mama Pindo alipotia bahasha yake hakujua macho ayaweke wapi.

Siku zile zilikuwa mbaya. Mashine ya kudarizi ilifanya kazi, lakini kila ilipoanza kugonga sindano alihisi inamsema. Aliombea jambo lipoe, na jambo halikupoa. Sokoni watu walianza kutoa vitambaa vya Shemeji nje ya kibanda na kuvianika juani kabla ya kununua, wengine wakicheka. Siku moja Mama Pindo alipita kununua uzi, akakuta nusu ya kibanda imekodishwa kwa muuza ndoo. Shemeji alikuwa amebanwa kwenye nusu iliyobaki, anapima kitambaa cha mtu, mpaka uzi wa mwisho. Walisalimiana, akamuuliza hali ya binti yake, akamfungia uzi. Mama Pindo aliondoka mbio, na nyuma ya kibanda cha mboga alisimama akalia, akaifuta sura, akarudi kazini. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema. Yeye alikuwa ndiye huyo alaye ndani ya nguo ya mwenzake, na alilijua hilo, na bado hakusema.

Ndipo Shemeji akaja na jora jipya begani.

Alilitua palepale mezani. Mashine ya kudarizi aliiona, haikuwa na shuka siku hiyo, akaipita kwa macho bila kusimama. Akapima. Mita za kwaya zote, nzima, alizozilipia kwa nusu ya kibanda. Akatia mstari wa chaki. Akaendelea, mita nane nyingine.

"Mpaka hapa ni mali ya kwaya," alisema. "Kuanzia hapa penye chaki ni yangu na Mungu."

Mama Pindo alikaa chini kwenye kigoda. Alimuuliza kwa nini hakusema siku ile, na alikuwa ameshaona kwa mkono wake mwenyewe.

"Ningesemaje habari ya kitambaa kilichokwenda, bila kusema kwamba nilikitoa? Nilimwahidi Mungu sitasema. Na wewe ni mke wa kaka yangu."

"Basi hizi nane nyingine za nini, Shemeji? Baada ya yote haya?"

Akakunja kamba yake polepole. "Sadaka yangu haijafika," alisema. "Naileta tena."

Hakuwa anamsuta. Angemsuta, angalau Mama Pindo angepata pa kushikia, angekasirika, angejitetea. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu aliyetuma mzigo ukapotea njiani, na sasa anautuma upya kwa njia ile ile kwa kuwa njia nyingine haijui. Akaaga, akatoka.

Jumapili ile Mama Pindo hakukaa na kwaya. Alikuja na majoho mawili kwenye mfuko, lake la kijivu na moja la zambarau, na yalipofika matangazo aliinuka, akaenda mbele bila kuitwa. Mchungaji alimtazama, akamwachia nafasi. Aliyainua yote mawili mbele ya dirisha ili watu wayaone, moja jivu, moja zambarau. Kisha akaligeuza la kijivu, pindo juu, mabega chini. Na mbele ya macho ya kanisa zima joho la kijivu likaiva, likawa zambarau, likafanana na mwenzake hata usijue lipi ni lipi.

"Kitambaa ni kimoja," alisema. "Mwenye kuuza hana kosa. Aliyekigeuza ni mimi, nikaiba kilichobaki, nikauza. Mashine iliyoko kwangu ndiyo hicho kitambaa."

Mwenyekiti wa kwaya, ambaye hata siku ya kiyama atauliza swali, alitaka kujua ni mita ngapi. Akamjibu kumi na nne. Mwenyekiti akapiga hesabu kwa vidole, akasema haiwezekani, kwenye kitambaa cha kwaya hata ukikigeuza vipi hazitoki kumi na nne, zilizozidi zilitoka wapi. Mama Pindo alitazama kiti cha nyuma. Shemeji alikuwa ameketi pale, akatikisa kichwa, kidogo tu.

"Hizo nitazijibu kwa mwenyewe," alisema, na hakuongeza neno, ingawa walimuuliza tena na tena. Wengi wakaondoka siku ile wakiamini kwamba ameiba zaidi ya alivyokiri. Akaliacha liwe hivyo.

Mashine ilirudishwa kwa muuzaji kwa hasara. Pesa alimpelekea Shemeji, na kilichopungua akaahidi kukimaliza mwezi kwa mwezi. Shemeji alizihesabu mara mbili, maana birika ni birika. Lakini sehemu ya mita nane aliitenga, akaisukuma upande wake. "Hizi hukuniibia mimi," akasema. Mama Pindo alirudi nazo nyumbani zikamlemea kuliko deni lote, mpaka alipozigawa kwa siri, na kwa nani si kazi yetu kujua. Wazee walimrudishia Shemeji kikapu chake na kumwomba radhi. Wateja hawakurudi wote. Muuza ndoo bado yupo.

Kwaya nayo ilikaa, ikaamua majoho mapya yashonwe na Fundi Modo. Mama Pindo alilitarajia, na bado lilimuuma. Na kwa kuwa jora lilikuwa kwake, ilimlazimu kulibeba yeye mwenyewe kuvuka barabara, mchana, watu wakitazama.

Modo alimsafishia meza. Mama Pindo akalikunjua jora mpaka akafika kwenye mstari mweupe. "Mpaka hapa ni mali ya kwaya," alisema. "Kuanzia hapa penye chaki ni ya mtu na Mungu wake. Kuna waimbaji watatu hawana majoho. Washonee, uwaambie kitambaa kilitosha. Mtu asijue."

Modo aliuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, nani anajua habari ya hizo mita za baada ya chaki zaidi ya wao wawili.

"Mwenyewe," alijibu.

Modo akaitikia. Kiganja chake kilikuwa kimeanza kutembea juu ya mahameli, na macho yakatoka kwenye chaki yakaenda mpaka mwisho wa kitambaa, yakarudi, yakaenda tena. Nyuma yake mashine ilikuwa inagonga maua yake peke yake. Mama Pindo aliijua safari ile ya macho, kila kituo chake. Alitamani kuondoka, hakuwa tena na haki ya kumfundisha mtu uaminifu, na mtaa mzima ulijua. Badala yake alivuta kigoda, akaketi karibu na meza.

"Fundi," alisema taratibu, "na mimi niliitazama hivyo hivyo."

Modo akauondoa mkono wake juu ya kitambaa.